Bibi Hakukata Kitambaa

"Mama amechanganyikiwa. Mchukueni tu."

Aliyetamka maneno hayo ni Mama Mdogo. Mdogo wake marehemu mama yangu. Mtoto wa kuzaliwa na bibi yangu, na mpaka siku hiyo alikuwa analala kwenye nyumba ya bibi yangu.

Na bibi mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, magoti yao yanakaribia kugusana.



Sikumbuki nilisimamaje. Nilijikuta tu nimesimama, kitambaa cha meza nimekivuta na kikombe cha mjomba kimepinduka.

"Umesemaje?"

Mama Mdogo alikuwa anaangalia zulia.

"Nimesema amechanganyikiwa. Umri umeenda. Akapumzike kwa Kaka."

"Rudia hayo maneno huku unamwangalia usoni."

"Wewe binti, kaa chini," mjomba akasema.

"Sikai."

Jamani, nawasimulia haya hasira ikiwa bado haijaniisha. Mkikuta maneno makali humu ndani mnivumilie, au mpite zenu kimya kimya. Leo sibembelezi mtu.

Mimi ni msusi. Pale saluni wananiita Pilipili, na mkisoma mpaka mwisho mtajua jina lilitoka wapi. Mama yangu aliugua, akafariki nikiwa bado sijaanza shule. Siku watu walipotawanyika baada ya msiba, aliyebaki amenishika mkono ni mmoja tu. Bibi.

Bibi yangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo kiwanda chake: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi, na kochi moja la kukalia wateja ambalo springi zake zimeshastaafu. Nimekua nikiamshwa na mlio wa ile cherehani. Usipolia asubuhi, najua bibi anaumwa.

Sasa sikilizeni hili, maana ndiyo roho ya habari yenyewe.

Bibi hakati kitambaa. Yaani kitambaa kikizidi, fundi mwingine anachukua mkasi, kachaa, anatupa. Bibi hapana. Anakikunja kwa ndani, anakishona, anakiacha humo humo. Gauni langu la kwanza la shule lilikuwa na upindo mnene mpaka linasimama lenyewe. Kila nikirefuka, anafumua mshono mmoja, gauni linashuka, maisha yanaendelea. Nililivaa mpaka chini likawa na mistari mistari, kila mshono wa zamani umeacha alama yake. Wenzangu walinicheka sana.

Nikirudi nalia, ananiambia, "Mke mwenzangu, kitambaa nikikikata, ukirefuka nitakitoa wapi?"

Ndiyo, ananiita mke mwenzake. Tangu nikiwa mdogo. Anasema babu, huko aliko, alituacha wote wawili na hakuaga.

Macho ya bibi sasa hivi hayaoni tundu la sindano. Mikono ina akili zake, kazi inaijua yenyewe, ila tundu halionekani. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijaenda saluni namtungia uzi kwenye sindano zake za mkono, nazichomeka kwenye kipande cha godoro juu ya kifuniko cha kikopo chake cha sindano, anazitumia kutwa nzima. Ndiyo mapenzi yetu hayo. Yeye anataja rangi, mimi natunga.

Miezi michache kabla ya siku ile rangi zilibadilika. Zamani ilikuwa nyeupe, nyekundu, kijani, rangi za nguo za wateja. Ghafla ikawa bluu nzito. Kijivu. Nyeusi. Bluu nzito tena.

"Bibi, kwani unawashonea wanasheria?"

"Tunga uzi, wacha umbea."

Nikatunga.

Sasa nije kwa Mama Mdogo. Huyu ni mtu wa mapokezi kwenye ofisi kubwa ya watu wenye tai. Ukiingia pale wa kwanza kumwona ni yeye: koti limekaa, kola imenyooka, nywele ziko sawa. Nywele zake nilikuwa namsuka mimi. Miaka yote. Bure.

Halafu siku moja nikamwona amevaa wigi.

"Jumapili nikusuke nini?"

"Usijali. Nimepata mtu mwingine."

Mtu mwingine! Nyie, mnajua maana ya msusi kuambiwa hivyo na mtu wa nyumbani kwake? Nilinuna. Wiki nzima nikimpa chumvi mezani naisukuma tu, simwangalii. Naye hakujali. Akawa anajifungia chumbani mapema, akitoka yuko ndani ya dera kubwa la kulalia na kilemba kichwani. Nikasema moyoni, haya, ameshapanda cheo, sisi wa mtaani hatufai tena kumshika kichwa.

Watu walikuwa wanamsifia eti anapendeza. Amepungua, anajipenda. Yeye anacheka tu, anasema anafanya mazoezi.

Kilichowasha moto ni gauni.

Mke wa mjomba alikuwa na sherehe ya ofisini kwa mumewe. Akamletea bibi gauni lake la dhahabu apunguze urefu. Urefu tu. Siku ya sherehe, kwa haraka zake, akalivaa bila kulijaribu. Likagoma kiunoni. Akavuta pumzi, akalifunga kwa nguvu, akaingia nalo ukumbini. Alipoinuka kupeana mkono na mkubwa wa mumewe, gauni likaachia kuanzia kwapani mpaka nyongani.

Mimi niliposimuliwa nilicheka mpaka nikakaa chini. Naomba tusifichane.

Lakini mjomba hakucheka. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama yangu, meneja, mtu ambaye hata salamu anaitoa kwa ajenda. Akaja kumuuliza bibi kwa nini amebana gauni ambalo hakuambiwa abane. Bibi akalishika, akalipapasa ubavuni, nikaona uso wake umebadilika.

"Nimekosea," akasema. "Mikono ilikuwa kwingine."

Basi ikawa hiyo. Mke wa mjomba akaanza kupita pita nyumbani bila hodi. Siku moja akamkuta bibi amekaa kitandani kwa Mama Mdogo, mwenyewe yuko kazini, bibi ana wembe mkononi anafumua koti zima, zuri, halina hata tundu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nacheza tu."

Taarifa ikafika kwa mjomba kabla hajamaliza chakula cha mchana. Mama anaingia vyumba vya watu. Mama anaiba nguo. Mama anazichanachana. Mama anasema anacheza.

Jumapili mchana akaitisha kikao. Amekuja na mkewe, na pikapu amekodi kabisa na vijana wa kubeba. Yaani uamuzi umeshafika mlangoni, sisi tunaitwa kuupigia makofi.

"Mama, kuanzia leo unakaa kwangu," akasema. "Na cherehani tunaiondoa, utakuja kujiumiza. Chumba cha nyuma kimeshapakwa rangi."

"Chumba cha nyuma ndiyo kile cha mbwa?" nikauliza.

"Mbwa alikuwa anakaa nje," mke wa mjomba akajibu. "Kile kilikuwa cha jenereta."

Nikamwangalia. Akaona kabisa kwamba jibu lake halijasaidia.

"Bibi hajachanganyikiwa," nikasema. "Anajua siku za wiki, anajua nani hajaja kuchukua nguo yake, anajua mpaka wateja wangu wa saluni ambao mimi mwenyewe nimewasahau. Amekosea gauni moja. Moja. Nyie mmemkosea mangapi?"

"Na nguo za mdogo wangu anazochana?" mjomba akasema. "Hilo nalo ni kosa moja? Mwenye nguo si huyu hapa? Tumsikilize yeye. Haya, sema. Wewe ulimwagiza mama afumue nguo zako?"

Hapo nikapumua. Nikajua Mama Mdogo atasema neno na mambo yataisha. Nguo ni zake. Asiposhtaki yeye, nani atashtaki?

Akawa anasokota pete kidoleni. Pete ilikuwa inazunguka kirahisi. Niliiona ile, ila hasira hazina macho.

"Sikumwagiza," akasema.

Halafu ndiyo akatoa yale maneno niliyoanza nayo.

Kuchanganyikiwa. Mchukueni.

Nilimshukia kwa kila neno lililokuwa mdomoni, na mengine sijui yalitoka wapi. Nikamwambia ndiyo maana siku hizi anajifungia, dhamiri inamkimbiza. Nikamwambia hilo koti alilovaa, lile lile la kunyooka nalo mbele ya wenye tai, limenyooshwa na pasi ya huyu huyu anayemtupa. Nikamwambia bora ningebaki na mama yangu kaburini kuliko kubaki na yeye hai.

Hapo akafumba macho.

"Inatosha," bibi akasema.

Hakupaza sauti. Bibi hajawahi kupaza sauti, ndiyo maana akisema tunasikia.

Akainuka, akamsogelea Mama Mdogo. Nikadhani anamzaba kibao. Moyoni nikasema, mpe Bibi, mpe na changu. Lakini alimrekebisha tu bega la koti, akalivuta kidogo likae vizuri, akampapasa mgongoni mara moja.

"Umesema vyema, mwanangu."

Mimi nikachoka kabisa.

"Bibi, unamsifia?"

"Nitaenda," akamwambia mjomba. "Cherehani bebeni. Wewe mke mwenzangu, nenda kaniletee kikopo changu cha sindano. Hicho nitakishika mwenyewe."

Vijana wa pikapu wakaingia. Nilisikia miguu ya cherehani inaburuzwa sakafuni, ule mlio ukaniingia kwenye meno. Nikaenda chumba cha mbele nikiwa nalia kwa hasira, siyo huzuni, msichanganye. Nilikuwa nataka kuvunja kitu.

Kikopo hakikuwa mezani. Nikatafuta chini ya meza, hakuna. Nikainua mto wa kochi la wateja. Kilikuwa hapo, juu ya koti la bluu nzito la Mama Mdogo, kazi imeishia njiani. Sindano bado imechomekwa kwenye mshono, na uzi wenyewe ni ule niliotunga mimi asubuhi.

Nikalinyanyua kwa hasira. Nikasema sawa, hiki ndicho kidhibiti chenu, naenda kumtupia usoni.

Bitana ilikuwa imefunguliwa upande mmoja. Nikaona ndani.

Kitambaa hakijakatwa.

Kimekunjwa ubavuni, kimeshikizwa kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa ya kufumulika kirahisi. Na mshono haukuwa mmoja. Kulikuwa na ule wa kiwandani. Ndani yake mwingine. Ndani ya huo mwingine. Na huu wa leo uko ndani zaidi ya wote, umefika karibu na katikati ya mgongo.

Mistari.

Mimi nimevaa mistari ile utoto wangu wote. Hakuna mtu duniani anayeijua kama mimi. Ila ya kwangu ilikuwa inashuka, kila mmoja chini ya mwenzake, kwa sababu nilikuwa nakua.

Hii ilikuwa inaingia ndani.

Nikakaa kwenye lile kochi bovu. Uzi wa bluu nzito. Kijivu. Nyeusi. Rangi za makoti ya ofisini. Bibi hakuwa anachana nguo. Alikuwa anakimbizana na mwili wa mtoto wake. Ukipungua, anapunguza. Ukipungua tena, anapunguza tena. Ili asubuhi pale mapokezi koti likae begani kama kawaida na mtu yeyote asigundue. Na lile gauni la dhahabu... Mikono ilikuwa kwingine, alisema. Mikono ilikuwa imekariri kiuno kimoja tu, ikamshonea mke wa mjomba kiuno cha mgonjwa.

Halafu nikakumbuka wigi.

Mtu mwingine. Kilemba. Mtu aliyesukwa bure miaka yote, ghafla hataki nimguse kichwa.

Mimi ni msusi, jamani. Wamepita wangapi mikononi mwangu waliokuwa kwenye dawa kali za hospitali, nywele zinabaki kwenye kitana. Mama yangu mwenyewe, kitu pekee ninachokumbuka kwake ni kichwa kisicho na nywele na mimi nacheka nakipapasa.

Ugonjwa ule ule.

Nilirudi sebuleni na kikopo mkono mmoja, koti mkono wa pili. Bibi akaliona koti. Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu sana. Usiseme.

Nilikuwa na jibu mkononi. Neno moja tu na mjomba angekosa pa kuweka uso, pikapu ingeondoka tupu, bibi angebaki kwake. Na hilo neno ndilo lililokuwa linafichwa na mwanamke aliyekaa pale anasokota pete. Nyie mnaonisoma mnanijua. Mdomo wangu hauna breki. Siku ile niliung'ata mpaka nikasikia ladha ya damu.

Nikalikunja koti, bitana kwa ndani. Nikampakatisha Mama Mdogo mapajani. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama Mdogo," nikamwambia polepole. "Siku hizi unasuka wapi?"

"Haya ndiyo mambo ya kuzungumza sasa hivi?" mke wa mjomba akasema.

Mama Mdogo aliliangalia koti. Akaniangalia mimi. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kuniangalia.

"Umejua," akasema.

"Sijasema kitu."

"Naona hujasema."

Nje, mtu akapiga kelele, tayari, cherehani imepanda garini. Mjomba akatoa funguo mfukoni.

"Kaka," Mama Mdogo akasema. "Waambie waishushe."

"Tumeshaongea hilo."

"Nimesema waishushe."

Akashika wigi kwa mbele, akalivua, akaliweka juu ya koti.

Mke wa mjomba alijiziba mdomo kwa mkoba wake.

"Mama hajaiba nguo zangu," Mama Mdogo akasema. "Nilimpa mwenyewe, moja baada ya nyingine, zilivyokuwa zinanipwaya. Nilitaka niende kazini kama mtu. Sikutaka kuonewa huruma pale mlangoni. Hayo yote mnayomwita wizi na wazimu ni mimi."

Mjomba alikaa. Umeneja wote ukamtoka.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi si kaka yako?"

Na hapo, jamani, ndipo nilipojua hasira siyo yangu peke yangu kwenye ukoo huu.

"Nikwambie wewe?" Mama Mdogo akasema. "Dada alivyougua uliambiwa. Ulifanya nini? Uliitisha kikao. Mkakaa hapa hapa mkajadili makochi yake yaende kwa nani, na yeye amelala kwenye hayo makochi anawasikia. Nilikuwepo. Nilimwona alivyogeuza uso ukutani. Nikajiapia, mimi hamtanizika kabla sijafa."

Mjomba akazirudisha funguo mfukoni.

"Na wewe Mama Mdogo," nikasema, maana yangu yalikuwa bado yananichemka, "hata kama. Ndiyo umtoe mama yako? Ndiyo umwite mwendawazimu mbele za watu, uko radhi akalale kwenye chumba cha jenereta ili wewe usivuliwe wigi?"

Akalia. Sikumhurumia. Nawaambia ukweli, dakika ile sikumhurumia.

"Mwache," bibi akasema. "Maneno yale nilimpa mimi."

"Maneno gani?"

"Kwamba nimechanganyikiwa. Nilimwambia jana, wakibana sana, sema hivyo. Alikataa, tukagombana mpaka nikamlazimisha. Mimi ni mzee, nikiitwa chizi napungukiwa nini? Huyu akiitwa mgonjwa, watamwangalia mpaka augue zaidi."

"Bibi!"

"Usinipigie kelele."

"Na mimi? Mimi nalala humu, nakutungia uzi kila siku. Mimi nilikuwa adui?"

Bibi akamwangalia Mama Mdogo, kila mmoja anamwachia mwenzake jibu. Mama Mdogo ndiye aliyejifuta uso.

"Kuogopa watu wa ofisini ni kweli," akasema. "Kumwogopa Kaka ni kweli. Lakini kiapo nilichomlisha mama kilikuwa kimoja tu. Wewe usijue. Mama yako alipokuwa anaondoka ulikuwa unamshika kichwa unacheka, unadhani ni mchezo. Halafu ukakaa mwaka mzima hucheki. Nilikuwa nakubeba mgongoni, najua. Sikuweza kukufanyia hivyo tena na kichwa changu."

Nimeshawaambia mimi ni Pilipili. Siku ile nilikaa chini mwenyewe, bila kuambiwa.

Kumbe zile sindano zote nilizotunga, rangi zile za wanasheria... nilikuwa nafichwa kitu kwa uzi niliotunga kwa mkono wangu mwenyewe. Na mwanamke aliyekubali kuitwa mwizi, kuitwa chizi, kubebewa cherehani yake kama mzigo wa taka, alifanya hivyo ili watoto wake wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumlea, wapate kulala.

"Bibi, ungeenda kweli?"

"Ningeenda."

"Na makoti?"

Akatikisa kile kikopo, sindano zikalia ndani.

"Unadhani nilikitakia nini? Cherehani wachukue. Koti nashona kwa mkono. Yeye angekuja kunisalimia Jumapili, angeondoka amepunguziwa."

Mjomba alitoka nje mwenyewe kuwaambia vijana washushe. Niliona anashika mguu mmoja wa cherehani kuisaidia kuingia mlangoni, shati lake la meneja limechafuka mafuta. Sikumwambia pole. Mke wake alipitia kwa bibi, akapiga goti, akasema kitu sikukisikia. Bibi akamjibu kila mtu akisikia, "Lile gauni lilete, kitambaa kipo ndani, sikukikata." Hata mimi nilicheka, na bado nilikuwa nataka kumrushia mtu kiatu.

Tangu siku ile hakuna kilichofichwa nyumbani. Hospitali naenda naye mimi. Mjomba anatuendesha, na ameagizwa na bibi asiseme neno njiani labda aulizwe. Anatii. Ofisini Mama Mdogo alijieleza mwenyewe, akapumzishwa, akarudi. Zilikuwepo siku mbaya ambazo siwezi kuziandika hapa. Siku hizo bibi alikuwa anakaa pembeni ya kitanda na koti mkononi, hashoni, analishika tu.

Nilimuuliza mara moja. Nilikuwa nimechoka na nina hasira na kila kitu, na hata naye pia.

"Bibi, kwa nini hukati kitambaa? Makoti yamekuwa mazito kwa ndani, yanamtia joto."

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nikikata, akinenepa nitakitoa wapi?"

Sikuuliza tena.

Sasa nyie wenye vikao. Nawajua mko humu. Mnaomwona mama yenu anafanya jambo msilolielewa, haraka haraka mnaandaa chumba cha nyuma. Mnaita kuchanganyikiwa kitu ambacho hamjakaa chini hata mara moja kukitazama. Hakuna kati yenu aliyeligeuza lile koti ndani nje. Mimi mwenyewe niligeuza kwa bahati, nikitafuta kitu cha kumtupia mtu usoni. Muulizeni mzee anashona nini. Akikataa kuwaambia, basi kaeni naye hapo hapo mmtungie uzi, kazi hiyo haihitaji elimu.

Na bibi yangu, najua hutasoma hii kwa sababu herufi za simu huzioni. Mtu atakusomea. Asante. Mengine nitakwambia nikiacha kukukasirikia.

Kwa sababu nimekwambia hasira haijaniisha, na ni kweli. Lakini leo asubuhi, nikiwa naandaa sindano, Mama Mdogo ametoka chumbani amevaa lile koti la bluu nzito. Kichwani ana nywele fupi fupi zake mwenyewe, nimeshaanza kuzipigia hesabu. Amesimama mlangoni ananung'unika.

"Mama, koti linanibana kwapani."

Cherehani ikasimama. Bibi amelipokea koti, amefungua bitana, amepapasa mpaka akaupata mshono wa ndani kabisa, ule wa Jumapili ya kikao.

Halafu ameninyooshea mkono bila kuniangalia.

"Mke mwenzangu, nipe wembe."